Miezi mitatu bila ushuru: kwa nini kartoni za mama mudogo zililipa

Leo nataka kuandika juu ya kitu ambacho watu wa duane wanaita egzonerasio, ni kusema msamaha wa ushuru. Najua wengi mutasema: hayo ni mambo ya wanafunzi wa ekonomi na wa sheria. Hapana. Ni mambo ya glavu, ya mask, ya sabuni, na ya pesa ya mama mmoja ambayo mimi mwenyewe nilisaidia kuipoteza.

Mwaka 2020 nilikuwa nimemaliza G3, nangojea tu siku ya kutetea TFC yangu. Tarehe 10 mwezi wa 3 mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 akatangazwa Kinshasa. Siku chache nyuma ya pale, mashule na inivasite zikafungwa. Tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura ya afya kwa inchi nzima. Mimi nikarudi Bukavu, nikakaa kwa mama mudogo, ambaye alikuwa na depo ndogo ya dawa kule Kadutu. Sikuwa na kazi, basi nikawa mtu wake wa kuandika hesabu.

Munakumbuka zile siku. Kartoni ndogo ya glavu 100, zile sisi tunaita gan, ambayo alikuwaka analipa dolari 5, ikapanda mpaka 15, nyuma ikakosekana kabisa. Manesi wa vituo vya afya vya mtaa walikuwa wanakuja asubuhi wanauliza: «Mama, gan hakuna?» Mmoja alituambia kwa sauti ya chini kwamba wanaziosha na kuzivaa tena. Mama mudogo hakujibu, ila jioni aliniambia hawezi kulala na ile neno.

Wakati huohuo serkali ikatangaza hatua za kusaidia watu na kampuni: miezi mitatu bila TVA kwenye dawa na kwenye bidhaa za lazima. Mimi nikasikia kwenye radio, nikaona na picha ya karatasi kwenye telefone. Nikamkimbilia mama mudogo: «Mama, ni sasa. Mzigo wa hospitali haulipi tena kodi. Tuweke pesa yote.» Akaniuliza: «Mtoto yangu, una hakika?» Nikajibu: «Ndiyo mama, hata radio imesema.» Akaniamini juu nilikuwa nimesoma. Akajiunga na wamama wengine wawili wenye depo, wakatuma pesa Guangzhou kwa mtu wa kununua: glavu, mask, na sabuni ya mikono.

Mzigo ulifika kwenye mpaka mwezi wa 7. Deklaranti wetu alikuwa papa mmoja mwenye miaka mingi katika ile kazi. Alitusikiliza, nyuma akaingia giche. Alipotoka alituambia maneno ambayo sijasahau: «Mama, hakuna mtu anakataa ile habari ya radio. Wanauliza tu karatasi yenye kuonyesha kama huu mzigo wenu unaingia ndani ya ile habari. Halafu wanauliza tarehe.» Karatasi hatukuwa nayo. Na ile miezi mitatu tuliyohesabu kwa vidole ilikuwa imepita. Mama mudogo alilipa. Ili alipe, aliuza friji ya depo. Bila friji, dawa zinazohitaji baridi hakuweza tena kuzichunga, na hiyo sehemu ya kazi yake ikafa.

Simlaumu mtu wa giche. Nilijilaumu mimi. Nilikuwa na diploma karibu mkononi, na sikuwa nimesoma hata mara moja namna msamaha wa ushuru unavyofanya kazi. Tangu siku ile nimesoma. Nilichokuta ni historia ndefu, na imeanza kwetu.

INCHI ILIYOZALIWA BILA DUANE

Turudi nyuma sana. Tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka 1885, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa Berlin. Sote tulijifunza hiyo tarehe kwenye sekondari, lakini mara nyingi tulifundishwa mambo ya kugawana Afrika na mipaka tu. Kuna kifungu cha 4 ambacho wachache wanakisoma. Kinasema bidhaa zinazoingia katika bonde la Kongo hazitalipa ushuru wa kuingiza, na kwamba nyuma ya miaka 20 mataifa yataangalia kama uhuru huo uendelee ao usimame.

Musome vizuri. Ule ulikuwa msamaha wa ushuru wenye muda. Tunaweza kusema Kongo ilizaliwa ndani ya egzonerasio.

Miaka 20 haikufika. Mwaka 1890, katika mkutano wa Brussels, Leopold II aliomba ruhusa ya kutoza ushuru, akisema anahitaji pesa juu ya kupigana na biashara ya watumwa. Tarehe 2 mwezi wa 7 akapewa: mpaka 10 kwa mia ya bei ya bidhaa. Sababu ilikuwa nzuri kwa masikio ya Ulaya. Ndani ya inchi mambo yalikuwa mengine. Udongo ulioitwa kuwa hauna mwenyewe ulikuwa umeshafanywa mali ya leta tangu 1885, na kuanzia 1891 wakubwa wa leta waliamriwa kuhakikisha pembe na mpira wa msitu vinaingia katika mikono ya leta. Mwanakijiji wa Maniema ao wa Ekwateri hakupata faida yoyote katika ile «biashara huru» ya Berlin. Kwenye mlango wa bahari ushuru ulikuwa sifuri, lakini ndani ya msitu alinyang'anywa yote.

Kwa nini naleta Berlin katika habari ya glavu? Juu inatufundisha swali la kwanza la kila msamaha wa ushuru: umetolewa kwa nani? Neno «bila ushuru» halina wema ndani yake lenyewe. Linaweza kusaidia mgonjwa, na linaweza kusaidia tu mtu mwenye meli.

CHANDARUA KILICHOHESABIWA SAWA NA NGUO

Sasa turuke mpaka mwaka 2000. Tarehe 25 mwezi wa 4, viongozi wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, kuzungumza juu ya malaria. Katika tamko lao waliahidi kupunguza ao kuondoa kodi na ushuru kwenye vyandarua, dawa za kuua mbu, na dawa za kutibu malaria. Ile tarehe 25 mwezi wa 4 ndiyo leo tunaifanya Siku ya Malaria Duniani.

Ahadi ilikuwa nzuri. Lakini hapa ndipo penye fundisho. Kwenye duane bidhaa haina jina, iko na namba. Dunia karibu nzima inatumia mfumo mmoja wa namba, ambao Shirika la Forodha la Dunia, lenye makao Brussels, linauchunga tangu 1988. Namba inasema ile kitu ni nini, na namba ndiyo inaleta kiwango cha ushuru. Chandarua kilikuwa kinahesabiwa pamoja na vitambaa vya nyumba: mapazia, vifuniko vya kitanda na kadhalika. Waziri anaweza kusema mbele ya kamera «vyandarua bila ushuru», lakini mtu wa giche akifungua kitabu chake anaona kitambaa. Na nguo na vitambaa, katika inchi nyingi za Afrika, viko kati ya bidhaa zenye ushuru wa juu.

Munajua ni mwaka gani vyandarua vya malaria vilipata namba yao ya pekee katika ule mfumo wa dunia? Ni 2017. Miaka 17 nyuma ya Abuja. Hata vifaa vya kupima malaria vilipata namba yao mwaka uleule. Katikati ya hapo, kila inchi ilipaswa kujiandikia orodha yake na barua zake. Palipokuwa na orodha iliyoandikwa vizuri, chandarua kilipita. Pale ambapo hapakuwa nayo, mfanyabiashara alilipa na bei ikapanda.

DUNIA NZIMA MBELE YA GICHE MOJA

Halafu ikaja 2020. Shirika la Biashara la Dunia, WTO, lilitoa hesabu mwezi wa 4 wa mwaka ule. Kwa bidhaa zote za kupigana na Covid-19, ushuru wa dunia ulikuwa karibu 4,8 kwa mia kwa wastani. Mtu atasema: ni kidogo. Lakini angalieni ndani. Vifaa vya kujikinga, kama vile mask na glavu, vilikuwa na wastani wa 11,5 kwa mia, na katika inchi zingine vilifika 27. Sabuni ya mikono ilikuwa na wastani wa 17 kwa mia, na kuna inchi ilifika 65. Ni kusema mashine ya hospitali kubwa ilikuwa inaingia na ushuru mdogo, wakati sabuni, ile kila radio ilikuwa inatuambia tutumie kila saa, ndiyo ilibeba mzigo wa juu.

Namna gani ikawa hivyo? Mwaka 1994 inchi tajiri chache, kama vile Marekani, Japani, Uswisi, Kanada na zile za Umoja wa Ulaya, zilipatana kuondoa ushuru kwenye dawa. Lakini mapatano yale yalihusu dawa na vitu vya kutengenezea dawa. Sabuni si dawa. Katika kitabu cha namba, dawa ziko sura ya 30, sabuni sura ya 34. Glavu za mpira ziko sura ya 40, pamoja na vitu vya mpira. Na mask ya kitambaa, ile tulivaa wote, iko sura ya 63, katika vitu vingine vya kitambaa vilivyoshonwa, karibu na vitambaa vya kupangusia nyumba.

Niliposoma hilo, nilikaa kimya muda mrefu. Mimi nilisikia neno «dawa» kwenye radio, na katika kichwa changu kila kitu chenye harufu ya hospitali kilikuwa dawa. Kumbe kartoni za mama mudogo zilikuwa za sura ya 40, ya 63 na ya 34. Hakuna hata moja iliyokuwa ya sura ya 30.

Mashirika ya dunia yenyewe yaliona hiyo shida. Katika miezi ya kwanza ya 2020, Shirika la Forodha la Dunia na Shirika la Afya la Dunia, OMS, walitoa pamoja orodha ya vifaa vya Covid-19 na namba zake, ili kila inchi iweze kusema bila kubahatisha: hizi ndizo, hizi ndizo zinapita.

Umoja wa Ulaya nao ulifanya kitu ambacho inafaa tukiangalie vizuri. Tarehe 3 mwezi wa 4 mwaka 2020 walitoa uamuzi wa kuondoa ushuru na TVA kwenye vifaa vya kupigana na Covid-19 vinavyotoka inje. Lakini waliandika kwamba uamuzi unaanza tarehe 30 mwezi wa 1, siku ileile OMS ilitangaza dharura ya dunia. Ni kusema aliyekuwa na haki na akalipa mbele ya uamuzi, alikuwa na njia ya kudai. Mwisho wake uliwekwa tarehe 31 mwezi wa 7, na ulipokaribia wakaongeza muda, tena na tena, mpaka ndani ya 2022.

Mbele ya kuwapigia makofi, musome na masharti. Msamaha ule ulikuwa wa vyombo vya serkali na mashirika yaliyokubaliwa, kwa vifaa vya kugawa bure ao vya kutumia kwa wagonjwa, na mali ikibaki yao. Mtu wa kuuza, sawa mama mudogo, hata kule asingeingia kwenye ule msamaha. Hapo nilielewa kwamba shida yetu haikuwa tu «Kongo ni Kongo». Kila inchi inapoondoa ushuru inaogopa kitu kimoja: kwamba mfanyabiashara ataingiza bila kulipa, nyuma auze kwa bei ileile na kuweka tofauti mfukoni. Uoga huo si wa bure. Ndiyo maana wanaomba karatasi.

VITU VITATU AMBAVYO RADIO HAISEMI

Sasa turudi Kivu, na niwaeleze vile ningetaka mtu anieleze mimi mwezi wa 4 wa 2020.

Kitu cha kwanza ni orodha. Msamaha ambao hauna orodha ya namba ni tangazo tu. Mbele ya kutuma pesa, unauliza: namba ya mzigo wangu ni ipi, na iko kwenye orodha? Ukikosa jibu lenye maandishi, uhesabu sawa vile utalipa yote. Katika tarif ya Kongo viwango vya ushuru vimekuwa vitatu, 5, 10 na 20 kwa mia, na juu yake kuna TVA ya 16 kwa mia tangu mwezi wa 1 wa 2012. Kati ya 5 na 20, faida ya mwaka mzima ya depo ndogo inaweza kupotea.

Kitu cha pili ni tarehe. Siku inayohesabika kwenye duane ni siku deklarasio inaandikishwa. Siku ulilipa Guangzhou haihesabiki, na siku meli iliondoka haihesabiki. Kwa mtu wa Antwerp ao wa Mombasa, mwenye bandari mlangoni, miezi mitatu inaweza kutosha. Sisi wa Kivu mzigo wetu unashuka Dar es Salaam ao Mombasa, halafu unapanda lori kwa safari ya zaidi ya kilomita 1500, unapita inchi mbili ao tatu. Na mwaka ule barabara yenyewe iliugua. Kule Malaba, kati ya Kenya na Uganda, malori yalifanya foleni ya kilomita nyingi juu ya kungojea majibu ya vipimo vya madereva. Kule Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, madereva walilazimishwa kubadilishana magari ao kupakuliwa mpakani, wakagoma. Mzigo uliolipiwa mwezi wa 4 ukifika mwezi wa 7, ni bahati. Msamaha wa miezi mitatu, kwa mji ulio mbali na bahari, unaweza kuisha wakati kartoni bado ziko njiani. Hata bila mtu mubaya kati, jografia yenyewe inatukatia.

Kitu cha tatu ni kwamba ushuru ni mstari mmoja tu wa fakitire. Amri ya mwaka 2002 ilisema huduma nne tu ndizo zina haki ya kufanya kazi mpakani: duane (wakati ule OFIDA, ambayo tangu 2009 imekuwa DGDA), OCC ya kupima ubora, DGM ya uhamiaji, na huduma ya usafi wa mipaka. Hata zikiwa nne tu, kila moja iko na kazi yake na bei ya kazi yake. Ukiongeza lori, depo ya kuchungia mzigo na kazi ya deklaranti, unaona kwamba ukiondoa mstari mmoja fakitire haiwi sifuri. Msamaha mzuri unapaswa kutaja huduma zote kwa jina, na kila giche ipate nakala.

WALE WANAOPITA SIKU ZOTE

Kuna watu watasema: lakini wakati wa Ebola mizigo ilikuwa inapita. Ni kweli. Ebola iliyoanza Kivu ya Kaskazini mwezi wa 8 wa 2018, ikafika na Ituri, iligusa watu 3470 na ikaua 2287, mpaka ilipotangazwa kuwa imeisha tarehe 25 mwezi wa 6 wa 2020. Chanjo, nguo za kujikinga, kloro, vyote viliingia. Sehemu kubwa iliingia kwa mikono ya OMS, UNICEF na mashirika mengine. Hao wako na msamaha wao: Umoja wa Mataifa iko na mkataba wa tangu 1946 unaoondoa ushuru kwa vitu vyake vya kazi. Msamaha wao hauishi nyuma ya miezi mitatu.

Sina wivu na hilo. Wale walichunga maisha ya watu wetu. Lakini tuone picha yote. Katika miji yetu watu wengi wakiugua wanaanza kwenye farmasi ya mtaa, kwa mama mudogo. Msamaha wa kudumu uko kwa yule anayegawa, na wa muda mfupi uko kwa yule anayeuza. Wakati mgawaji hajafika, muuzaji ndiye pekee yuko wazi saa mbili za usiku.

Na tusidanganyane pia kwamba ushuru sifuri unaponya yote. Tarehe 2 mwezi wa 3 mwaka 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1,7 za chanjo ya AstraZeneca kwa njia ya COVAX. Chanjo ile haikuzuiliwa na ushuru. Lakini kazi ya kuchanja ilianza tarehe 19 mwezi wa 4 tu, uoga na maneno ya mtaani vilikuwa vingi, na dozi karibu milioni 1,3 zilipaswa kupelekwa katika inchi zingine mbele ya tarehe ya kuharibika. Mlango wa duane ulikuwa wazi, na dawa ikatoka tena kwa mlango uleule. Basi ushuru ni mlango mmoja kati ya milango mingi. Ni vizuri kuufungua, ila nyuma yake kuna friji, barabara, na imani ya watu.

NA MASHONA-NGUO WETU?

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye, alinipinga. Aliniambia: «Wewe unalilia glavu za China. Na wale mashona-nguo wa Bukavu walioshona mask za kitenge, wewe unawaua na ushuru sifuri?» Swali lake ni la maana, na nilichukua muda kulijibu.

Kwa kawaida tarif imejengwa sawa ngazi. Kitu kibichi kinalipa kidogo, kitu kilichomalizika kinalipa zaidi, ili mtu wa ndani apate nafasi ya kutengeneza. Sasa, ukiondoa ushuru kwenye mask iliyomalizika, na kitambaa, uzi na elastiki vikaendelea kulipa, umegeuza ngazi kichwa chini. Yule wa inje anaingia na sifuri, fundi wako analipa. Kwa glavu za mpira hatuna kiwanda, basi hakuna wa kuumia. Kwa mask na sabuni tuko na watu. Jibu langu ni kwamba msamaha wa wakati wa ugonjwa unapaswa kushika vyote viwili: kitu kilichomalizika, na vitu vya kukitengenezea. Na muda wake ukiisha, ushuru urudi polepole. Hivyo fundi na mgonjwa hawatapigana.

KAZI YETU

Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024, OMS ilitangaza tena dharura ya dunia, mara hii juu ya mpox. Aina mpya ya virusi ilikuwa imejulikana kwetu, Kamituga, Kivu ya Kusini. Tarehe 5 mwezi wa 9 chanjo za kwanza zikashuka Kinshasa, karibu dozi 99 000, zawadi ya Umoja wa Ulaya. Kati ya siku ile Kinshasa na mkono wa mtu wa Kamituga, kulikuwa na njia ndefu. Na glavu, sabuni, na kloro za kituo cha afya cha mtaa? Hizo zilibaki, kwa sehemu kubwa, mambo ya yule anayenunua na kuuza.

Kwa hiyo ninawaomba kitu, ninyi munaosoma sheria, ekonomi, afya ya watu, ama munaofanya staji duane. Ugonjwa mwingine utakuja. Orodha haiandikwi siku watu wanakufa. Inaandikwa mbele, kwa utulivu, na namba zake, na inalala kwenye meza ikingoja. Mtu anayetafuta somo la TFC ao la memwari, hili hapa: chukua tarif ya inchi yetu, chukua orodha ya OMS na Shirika la Forodha la Dunia, uziweke pamoja mstari kwa mstari. Uandike: hii inalipa ngapi, inafaa ilipe ngapi wakati wa dharura, ni nani atapewa karatasi, kwa siku ngapi ukihesabu na barabara ya Kivu, na aliyelipa mbele atarudishiwa namna gani. Kazi kama ile, ikifika mkononi mwa mbunge mmoja tu mwenye masikio, inaweza kusaidia kuliko hotuba kumi.

Mama mudogo bado anauza. Friji nyingine aliinunua mwaka 2023, ya mkono wa pili, na mimi nilitoa nusu ya pesa kutoka kwa mshahara wangu wa kwanza. Siku tuliyoiingiza ndani aliniuliza, akicheka: «Na leo, radio inasema nini?» Nikamwambia: «Mama, leo sikusikiliza radio. Nilisoma.»